Saratani ya shingo ya kizazi: Safari baada ya majibu ya kipimo, kutoka Kisugu hadi Mulago

Mwanamke anayeambiwa kwamba majibu ya kipimo chake cha shingo ya kizazi si ya kawaida mara nyingi huambiwa jambo moja na kuelewa jingine. Muuguzi amezungumzia mabadiliko katika seli. Yeye amesikia kookolo, neno ambalo kwa Kiganda ndilo jina la saratani, na ambalo masikioni mwa wengi mjini Kampala liko jirani mno na kifo.

Hata hivyo, kati ya mabadiliko hayo ya seli na saratani yenyewe kuna muda mrefu. Shirika la Afya Duniani, WHO, linakadiria kwamba kwa kawaida huchukua miaka 15 hadi 20 kwa seli zilizoanza kubadilika kugeuka saratani. Kwa mwanamke ambaye kinga yake ya mwili imedhoofika, kwa mfano anayeishi na virusi vya Ukimwi bila matibabu, muda huo hupungua hadi miaka mitano au kumi.

Kwa maneno mengine, karatasi ya majibu yasiyo ya kawaida ni onyo lililotolewa mapema, na tiba yake huwa nyepesi likizingatiwa. Swali linaloikabili Uganda ni kwa nini nchi yenye maarifa haya bado inawapoteza maelfu ya wanawake kila mwaka kwa ugonjwa unaoonekana ukija kutoka mbali.

Takwimu za mwaka 2020 za Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani zilikadiria kuwa wanawake 6,959 waligundulika na saratani ya shingo ya kizazi nchini Uganda mwaka huo, na 4,607 walifariki kutokana nayo. Hiyo ni zaidi ya vifo 12 kwa siku, na ni karibu vifo viwili kwa kila wagonjwa watatu wapya.

Jibu linapatikana kwa sehemu kubwa katika kipindi ambacho hakizungumzwi sana kwenye kampeni za uhamasishaji: wiki zinazofuata baada ya majibu kutoka.

Kisugu na ngazi za mfumo wa afya

Kisugu ni mtaa wa tarafa ya Makindye, kusini mashariki mwa katikati ya jiji, chini ya kilima cha Muyenga na jirani na Kabalagala na Namuwongo. Ni mahali ambapo nyumba za ukuta mrefu na vyumba vya kupanga vya familia za kipato cha chini vinatenganishwa na barabara tu. Kituo chake cha afya cha serikali ni cha ngazi ya tatu, na kinasimamiwa na Mamlaka ya Jiji la Kampala, KCCA.

Kwa mpangilio wa Uganda, kituo cha ngazi ya tatu huwa na maabara ya msingi, wodi ya wazazi, wauguzi, wakunga na ofisa tabibu. Juu yake kipo kituo cha ngazi ya nne, chenye daktari na chumba cha upasuaji. Kisha huja hospitali za rufaa, na kileleni, juu ya kilima cha Mulago, zipo hospitali ya taifa ya rufaa na Taasisi ya Saratani ya Uganda, iliyoanzishwa mwaka 1967.

Ngazi hizi ndizo zinazoamua mwanamke mwenye majibu yasiyo ya kawaida ataelekea wapi. Uchunguzi wa kwanza na tiba nyepesi vinaweza kufanywa na muuguzi au mkunga aliyefunzwa, karibu na nyumbani. Uchunguzi wa kina, kukata kipande cha nyama kwa ajili ya maabara, upasuaji na mionzi huhitaji rufaa. Kila ngazi inayoongezwa ni nauli nyingine ya bodaboda au teksi, ni siku nyingine ya biashara iliyopotea, na ni nafasi nyingine ya mwanamke kutorudi.

Uganda ilifuta ada za watumiaji katika vituo vya afya vya serikali mwezi Machi mwaka 2001. Lakini kufutwa kwa ada hakujafuta gharama. Anayeuza ndizi au nguo kuukuu kando ya barabara hana mwajiri wa kumlipa siku aliyokwenda kliniki, na foleni haimwongezei mtaji.

Majibu yanasema nini hasa?

Sehemu ya mkanganyiko inatokana na ukweli kwamba maneno "si ya kawaida" hutumika kwa vipimo vitatu tofauti, na kila kimoja kinamaanisha jambo lake.

Kipimo cha kwanza ni cha kuangalia kwa macho kwa kutumia siki. Mhudumu hupaka shingo ya kizazi asidi asetiki, ambayo ni siki iliyopunguzwa makali, kisha husubiri kama dakika moja. Sehemu yenye seli zilizobadilika hugeuka nyeupe. Majibu hutoka papo hapo, na kipimo hakihitaji maabara. Udhaifu wake ni kwamba kinategemea jicho na uzoefu wa mtu: uvimbe wa kawaida unaweza kudhaniwa kuwa dalili, na dalili ya kweli inaweza kupitwa.

Kipimo cha pili ni cha virusi vya papiloma, maarufu kwa jina la HPV. Aina mbili za virusi hivyo, ya 16 na ya 18, ndizo zinazosababisha takriban asilimia 70 ya saratani za shingo ya kizazi duniani. Kipimo hiki hakionyeshi kidonda wala saratani. Kinaonyesha tu kwamba virusi vyenye hatari vipo. Kwa wanawake wengi, kinga ya mwili huviondoa virusi hivyo yenyewe ndani ya mwaka mmoja au miwili. Hatari iko kwa wale ambao virusi vinang'ang'ania.

Kipimo cha tatu ni cha Pap, ambapo seli hukwanguliwa na kuangaliwa kwa hadubini. Majibu yake hupangwa kwa viwango: mabadiliko yasiyo na uhakika, mabadiliko ya kiwango cha chini na mabadiliko ya kiwango cha juu. Mabadiliko ya kiwango cha chini mara nyingi hupona bila tiba na huhitaji kufuatiliwa tu. Ya kiwango cha juu ndiyo yanayohitaji kushughulikiwa bila kuchelewa.

Kwa hiyo, swali la kwanza la mwanamke aliyepokea majibu yasiyo ya kawaida linapaswa kuwa: ni kipimo gani nilichofanyiwa, na kimeona nini? Anayejua kwamba ana virusi tu yuko mahali tofauti kabisa na anayeambiwa kwamba ana mabadiliko ya kiwango cha juu.

Lipo pia swali ambalo wengi hulibeba kimya kimya hadi nyumbani: nani alinipa? HPV huambukizwa kwa njia ya kujamiiana, na kwa sababu hiyo majibu yamekuwa yakizua ugomvi katika ndoa. Kitabibu, kipimo hakiwezi kujibu swali hilo. Virusi vinaweza kukaa mwilini miaka mingi bila kujionyesha, na watu wengi walioanza kujamiiana huvipata wakati fulani maishani. Majibu ya leo yanaweza kutokana na maambukizi ya kabla ya ndoa, ya mke au ya mume. Hayathibitishi usaliti wa yeyote.

Hatua zinazofuata

Mwongozo wa WHO uliotolewa mwaka 2021 unapendekeza kwamba kipimo cha HPV kiwe ndicho cha kwanza. Wanawake kwa jumla waanze kupimwa wakiwa na umri wa miaka 30 na kurudia kila baada ya miaka mitano hadi kumi. Wanaoishi na VVU, ambao hatari yao ya kupata saratani hii ni takriban mara sita ya wengine, waanze wakiwa na miaka 25 na kurudia kila baada ya miaka mitatu hadi mitano.

Mwanamke aliyekutwa na HPV hufuata moja ya njia mbili. Njia ya kwanza ni kutibiwa moja kwa moja, baada tu ya kuhakikisha kwamba shingo yake ya kizazi inafaa kwa tiba hiyo. Njia ya pili ni kufanyiwa kipimo kingine kwanza, kwa mfano cha siki, ili watenganishwe wenye dalili na wasio nazo. Kwa wanaoishi na VVU, WHO inapendekeza njia hii ya pili.

Ambaye kipimo cha pili hakikuona dalili hatibiwi, ila hapaswi kusahauliwa. Anatakiwa kurudi kupimwa baada ya miezi 24, au baada ya miezi 12 kama anaishi na VVU.

Ambaye amekutwa na mabadiliko yanayohitaji tiba huweza kupewa moja kati ya tiba tatu, kutegemea ukubwa na mahali pa mabadiliko hayo.

Tiba ya joto hutumia kifaa kidogo cha mkononi chenye ncha inayopashwa moto hadi karibu nyuzijoto 100. Ncha hiyo huwekwa kwenye eneo lililoathirika kwa sekunde 20 hadi 30, na inaweza kurudiwa. Seli mbovu hufa, na zenye afya huota mahali pake. Vipo vifaa vya aina hii vinavyotumia betri, jambo lenye uzito katika vituo ambavyo umeme wake hauaminiki.

Tiba mgando hufanya kazi hiyo hiyo kwa baridi kali: kugandisha kwa dakika tatu, kuacha kwa dakika tano, kisha kugandisha tena kwa dakika tatu. Tiba hii huhitaji mitungi ya gesi, na mtungi ukiisha huduma husimama.

Tiba ya tatu ni kukata eneo lililoathirika kwa kitanzi cha waya kinachopitishiwa umeme, baada ya kupigwa sindano ya ganzi. Hutumika pale ambapo mabadiliko ni makubwa au yameingia ndani ya mfereji wa shingo ya kizazi, mahali ambapo jicho halifiki. Kipande kilichokatwa hupelekwa maabara.

Tiba mbili za kwanza hazihitaji kulazwa wala nusukaputi. Wengi huhisi maumivu yanayofanana na ya hedhi, na hurudi nyumbani siku hiyo hiyo. Kwa wiki nne hadi sita hutokwa na majimaji ukeni, na hilo ni la kawaida. Hushauriwa kutojamiiana kwa takriban wiki nne ili jeraha lipone, na kutumia kondomu ikiwa hilo haliwezekani. Homa, maumivu makali ya tumbo, kutokwa na damu nyingi au majimaji yenye harufu mbaya ni sababu ya kurudi kituoni mara moja.

Tiba hizi haziondoi kizazi, na aliyetibiwa bado anaweza kushika mimba. Kukatwa kwa waya huongeza kidogo uwezekano wa kujifungua kabla ya wakati, na kwa hiyo mwanamke anayetarajia kuzaa anastahili kulizungumza na mhudumu wake. Mjamzito kwa kawaida huahirishiwa tiba hadi baada ya kujifungua, isipokuwa kama kuna shaka ya saratani.

Baada ya tiba, kipimo hurudiwa mwaka mmoja baadaye. Hatua hii ndiyo inayosahaulika kwa urahisi zaidi, kwa sababu mwanamke anajiona mzima na hakuna kinachomuuma.

Funzo la Kisenyi

Ni wanawake wangapi huikamilisha safari hii? Utafiti uliofanyika Kisenyi, mtaa mwingine wa wakazi wa kipato cha chini katikati ya Kampala, unatoa jibu lenye takwimu. Mradi huo, uitwao ASPIRE, uliendeshwa na watafiti wa Uganda na Kanada, na matokeo yake yalichapishwa mwaka 2015.

Wanawake 500 wenye umri wa miaka 30 hadi 65 waligawanywa katika makundi mawili kwa bahati nasibu. Kundi la kwanza lilialikwa kwenda kituoni kupimwa kwa siki. Kati ya wanawake 250, waliofika ni 121, chini kidogo ya nusu. Kundi la pili lilipewa vijiti vya pamba ili kila mmoja ajichukulie sampuli ya kipimo cha HPV mwenyewe, katika mazingira yake. Kati ya 250, waliotoa sampuli ni 248.

Tarakimu hiyo ya pili ilistahili kushangiliwa, na ilishangiliwa. Ilionyesha kwamba wanawake wa mitaa ya Kampala hawaukatai uchunguzi. Kinachowazuia ni namna unavyotolewa. Umbali, foleni, aibu ya kuvua nguo mbele ya mtu wasiyemjua na hofu ya chombo cha kupanulia uke viliondoshwa kwa kijiti kimoja cha pamba.

Lakini utafiti haukuishia hapo. Kati ya hao 248, wanawake 73 walikutwa na HPV na kutakiwa kwenda kituoni kwa uchunguzi wa pili. Waliofika ni 33, yaani asilimia 45. Miongoni mwa hao 33, saba walikutwa na dalili, na kumbukumbu zinaonyesha kwamba watano walitibiwa.

Tarakimu hizo zinasema mambo mawili kwa pamoja. La kwanza linatuliza: katika wanawake wanne kati ya watano waliokuwa na virusi na wakafika kituoni, kipimo cha siki hakikuona dalili ya kutibiwa. Kuwa na HPV si kuwa na saratani, na aghalabu si hata kuwa na mabadiliko yanayoonekana.

La pili linatisha. Wanawake 40 walijua kwamba wana virusi vyenye hatari na hawakufika. Ikiwa uwiano wa dalili miongoni mwao ulikuwa sawa na wa wenzao waliofika, basi wapatao wanane walirudi kwenye shughuli zao wakiwa na mabadiliko ambayo yangeweza kuondolewa kwa dakika chache. Kikwazo kilichoondolewa mwanzoni mwa safari kilikuwa kimehamia katikati yake.

Kinachotokea onyo lisipofuatwa

Hakuna mtafiti mwenye maadili anayeweza leo kuwaacha wanawake bila tiba ili aone kitakachowapata. Lakini jambo hilo liliwahi kutokea, na ushahidi wake unatoka New Zealand.

Kuanzia mwaka 1966, katika Hospitali ya Taifa ya Wanawake jijini Auckland, daktari mmoja aliyeamini kwamba mabadiliko ya kiwango cha juu hayageuki saratani aliwaacha baadhi ya wagonjwa wake wafuatiliwe tu bila kutibiwa kikamilifu. Wengi wao hawakujua. Habari hizo zilifichuliwa na jarida moja mwaka 1987, na tume ya uchunguzi iliyoongozwa na Jaji Silvia Cartwright ikatoa ripoti mwaka uliofuata.

Mwaka 2008, watafiti walichapisha tathmini ya kumbukumbu za wanawake hao. Miongoni mwa wale ambao mabadiliko yao ya kiwango cha juu hayakutibiwa ipasavyo, takriban asilimia 31 walipata saratani ndani ya miaka 30. Miongoni mwa waliotibiwa ipasavyo, ni asilimia 0.7 tu.

Kilichotokea Auckland kilihesabiwa kuwa kashfa, na kikabadili sheria za haki za wagonjwa nchini humo. Katika mitaa ya Afrika Mashariki, mwanamke aliyekutwa na mabadiliko kama hayo na kisha akapotea machoni pa kituo cha afya yuko katika hatari ya aina ile ile. Tofauti ni kwamba hapa hakuna daktari aliyeamua hivyo; ni nauli, simu iliyobadilishwa namba, kuhama chumba cha kupanga, au mtungi wa gesi uliokwisha.

Na anayerudi baada ya miaka mingi, damu ikiwa imeanza kutoka nje ya siku zake, hukutana na mfumo uliolemewa. Mwaka 2016, mashine pekee ya tiba ya mionzi nchini Uganda, iliyokuwa Mulago, iliharibika kabisa. Mashine mpya ilizinduliwa Januari 2018. Katika kipindi hicho wagonjwa walitegemea kupelekwa Nairobi, na wengi hawakuwa na uwezo huo. Uwezo wa Taasisi ya Saratani umeongezeka tangu wakati huo, lakini tiba ya saratani iliyokomaa itabaki kuwa ndefu, ya gharama na isiyo na hakika, ilhali tiba ya mabadiliko ya awali ni ya dakika chache.

Malengo, fedha na tarakimu ya tatu

Mkakati wa dunia wa kutokomeza saratani hii, uliozinduliwa na WHO mwezi Novemba 2020, una malengo matatu ya kufikiwa ifikapo mwaka 2030: asilimia 90 ya wasichana wawe wamechanjwa dhidi ya HPV kabla ya kutimiza miaka 15, asilimia 70 ya wanawake wawe wamepimwa kwa kipimo chenye uhakika kufikia umri wa miaka 35, na tena kufikia 45, na asilimia 90 ya waliokutwa na tatizo wawe wametibiwa.

Uganda ilianza kutoa chanjo hiyo kitaifa mwaka 2015, kwa wasichana wa umri wa miaka 10. Ni uwekezaji wa busara, lakini matunda yake makubwa yataonekana wasichana hao watakapokuwa watu wazima. Mama zao na dada zao wakubwa, ambao hawakuchanjwa, wanategemea malengo mawili yaliyobaki.

Lengo la pili, la kupima, ndilo linalopendwa na wanasiasa na wafadhili, kwa sababu linahesabika kwa urahisi. Kambi ya siku moja, hema, muziki, na jioni tangazo kwamba wanawake mia kadhaa wamepimwa. Lengo la tatu halina sherehe. Linadai mtu wa kupiga simu, daftari linalosomwa, rufaa inayojibiwa na kifaa kinachofanya kazi siku mwanamke anapofika.

Kazi hiyo isiyoonekana ndiyo inayokuwa ya kwanza kuyumba fedha zinapopungua. Kwa miaka kadhaa, uchunguzi wa wanawake wanaoishi na VVU katika nchi nyingi za Afrika ulifungamanishwa na kliniki za dawa za ARV zilizosaidiwa na PEPFAR, mpango wa Marekani wa kupambana na Ukimwi ulioanza mwaka 2003. Januari 2025, serikali ya Marekani ilisimamisha kwa siku 90 misaada yake ya nje ili ifanyiwe mapitio, na sekta ya afya ya Uganda ikatikisika. Wizara ya Afya ilielekeza kwamba huduma za VVU ziunganishwe na huduma za kawaida za wagonjwa wa nje.

Kuunganisha huduma kuna faida zake, ikiwemo kupunguza unyanyapaa. Lakini mwanamke aliyekuwa akifuatiliwa na mshauri nasaha anayemjua kwa jina sasa anaweza kujikuta kwenye foleni ya watu wote, mbele ya muuguzi ambaye ana malaria, wajawazito na watoto wa kuwahudumia kabla ya kutafuta nani hakurudi mwaka jana.

Yapo majawabu yasiyohitaji utajiri. La kwanza ni kufupisha safari yenyewe. Mashine za vinasaba zinazotumika kupima kifua kikuu katika vituo vingi vya Uganda zinaweza pia kupima HPV na kutoa majibu kwa takriban saa moja. Mwanamke akijichukulia sampuli asubuhi, akasubiri majibu, na akatibiwa kwa kifaa cha joto kabla ya kuondoka, yale mapito yaliyowameza wanawake 40 wa Kisenyi yanatoweka.

La pili ni kuwatumia wahudumu wa afya wa jamii, ambao Uganda tayari inao katika mitaa na vijiji, kuwafuata waliokutwa na tatizo badala ya kuwahamasisha tu wasiopimwa. La tatu ni kubadili kinachohesabiwa: wilaya na jiji zitoe taarifa ya wangapi waliokutwa na tatizo na wangapi kati yao waliotibiwa, sambamba na idadi ya waliopimwa.

Maswali ya kwenda nayo kliniki

Wakati mfumo ukisubiriwa kujirekebisha, mwanamke aliyeshika majibu yake leo hana sababu ya kusubiri. Maswali machache yanaweza kumlinda:

- Nilifanyiwa kipimo gani, na kilionyesha virusi, mabadiliko ya seli, au shaka ya saratani?
- Je, ninahitaji tiba sasa, kipimo kingine, au kurudi baada ya muda? Tarehe gani?
- Tiba inapatikana hapa? Kama ni rufaa, niende wapi, siku gani, na nimwone nani?
- Kama sitapokea simu yenu, niulize kwa nani?
- Baada ya tiba, nirudi lini kuthibitisha kwamba nimepona?

Ni vyema majibu yaandikwe kwenye karatasi atakayobaki nayo, maana mwenye kuhama mtaa huhama na karatasi yake, si na daftari la kituo. Anayeishi na VVU aendelee na dawa zake bila kukatiza, kwa kuwa kinga imara ni sehemu ya tiba. Na mwenye dalili kama kutokwa na damu baada ya kujamiiana, au baada ya kukoma hedhi, asisubiri zamu ya uchunguzi wa kawaida. Aende moja kwa moja kwa daktari.

Wanaume nao wamo. Nauli, ruhusa ya kuacha biashara, na wiki nne za kusubiri baada ya tiba ni mambo yanayoamuliwa nyumbani. Mume anayejua kwamba majibu hayo si ushahidi wa uzinzi, na kwamba yanatibika, huondoa kikwazo ambacho hakuna mradi wa afya unaoweza kukiondoa.

Uganda imeshathibitisha, kwa mfano wa Kisenyi, kwamba wanawake wakifikiwa kwa heshima hupima. Kwa Kisugu na mitaa mingine ya Kampala, kipimo cha mafanikio katika miaka iliyobaki kabla ya 2030 kitakuwa tarakimu moja ambayo bado haisikiki katika hotuba: kati ya wanawake 100 walioambiwa kwamba majibu yao si ya kawaida, ni wangapi walirudi nyumbani wakiwa wametibiwa?